Barua kwa Msuli wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Bosi wa karakana katangaza: Jumamosi, atakayebeba kabati la mteja hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika ndiye msimamizi wetu. Makubwa! Miaka kumi na moja napaka vanishi, hata kucha zimekuwa rangi ya kabati, halafu cheo kinagawiwa kwa mabega. Seremala tunayemwita Winchi kwa nguvu zake akacheka hadi akashika meza. Cheo hiki nakitaka.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Binti yangu alikuwa akijisomea kwa sauti, nikamhoji. Eti ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna maagizo ya mwili mzima, kwa herufi nne tu. Maagizo yenyewe hayatoki, hutoka nakala. Nakala husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja, ikaletwa, ikaungwa na wenzake kama shanga kwenye uzi. Uzi ukikunjwa, ndiyo protini. Na msuli ni protini. Kumbe mwili unasoma! Miaka yote hii hakuna aliyeuandikia.

Nimenakili herufi ukurasa mzima kutoka kitabuni mwake, nikazibandika mkono wa kulia kwa plasta.

Jumatano, 5 Juni
Hakuna kitu. Nimepima kwa uzi: mkono umepungua. Binti kashika kichwa. "Baba, seli hazisomi karatasi!" Tena hata zingesoma, eti bila asidi amino zingeunga nini? Hizo hutoka kwenye chakula: mayai, maharage... Sikungoja amalize. Mke wangu alikuwa ameloweka maharage. Nimechota konzi mbili, nikayafunga juu ya karatasi kwa kitambaa chenye maji. Malighafi mlangoni mwa kiwanda! Chakula cha jioni kimepungua.

Ijumaa, 7 Juni
Mkono unawasha! Unanuka pia, lakini kazi yoyote ina harufu yake. Kuna vitu vinasukuma humo ndani. Mke kauliza kama nina jipu. Nimemtazama kwa huruma. Winchi nimemwambia aanze kuzoea kuniita mkuu.

Jumamosi, 8 Juni
Winchi kapanda na kabati huku anapiga mluzi. Zamu yangu: ngazi ya nne, kitambaa kikapasuka. Maharage yakamwagika, yote yameota vimizizi! Bosi kateleza. Mteja kateleza. Kabati likanikalia. Winchi ndiye msimamizi, na ndiye aliyelinyanyua kwa mkono mmoja ili nitoke. Nimeumia, wala si mgongo tu. Nimelia katika choo cha karakana.

Jumapili, 9 Juni
Binti kanieleza polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa: maharage yalifuata maagizo yao wenyewe. Mke kaongeza kwamba yana akili kuliko watu fulani. Nimekubali yote. Kisha nikauliza tu, kwa upole, kama nakala ina alama ya mwisho. Eti ipo: herufi tatu zisizoita asidi yoyote, na kazi hukomea hapo.

Basi! Mimi sikuiandika! Ndiyo maana kazi ilipitiliza mkono wangu ikaingia kwenye maharage! Sasa nimeandika UAA kwa wino mzito, nikaibandika kwenye kiwiko. Kesho namwomba bosi shindano lirudiwe. Mke anauliza mayai yake yako wapi.