Khaemba Atainamaje Mbele ya Mama Mkwe?

Klabu ya Pool ya Matisi,
Kitale.
Agosti 2006

Kwa Katibu,
Kamati ya Michezo Inayongoja Kutambuliwa.

Mheshimiwa Katibu,

Pokea salamu kutoka Matisi, ambako mahindi yanaendelea vizuri kutushinda sisi. Mimi ni Absalom Makokha, mwenyekiti wa klabu, mtu wa umri wa makamo mwenye tumbo ambalo siku hizi hufika mezani kabla ya fimbo yangu. Siandiki kwa ajili yangu. Naandika kwa ajili ya mchezaji wetu bora, Khaemba, ambaye asipotambuliwa kuwa mwanamichezo hatapata mke.

Usicheke. Khaemba amemposa Nasike wa Lugulu. Mamake binti, Mama Jentrix, kiongozi wa akina mama kanisani, aliwauliza wazee wetu kijana anafanya kazi gani. Wakajibu kwamba anacheza pool, tena ni bingwa. Mama akasema, "Ati anacheza? Mtu mzima na ndevu? Mlevi ni mlevi tu, hata mkimshikisha fimbo." Posa ikakwama hapo. Ndipo tukaamua kuupa mchezo wetu heshima, na ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Mlituandikia kwamba pool si mchezo kwa sababu huchezwa baa na haitoi jasho. Sawa. Tuliibeba meza ya Kiarie kutoka baa yake kule Tuwan hadi ukumbi wa kanisa Bungoma, tupambane na wenzetu wa huko mbele ya watu wa maana. Mheshimiwa, ndani ya meza ile mna jiwe. Aliyesema hatutoi jasho hakuwa upande wangu wa kubeba.

2. Mlisema hatuna mavazi ya kimichezo. Tulivaa tai. Tai ya mchezaji wa pool hugusa mpira kabla ya fimbo, na refa anahesabu kosa. Tulikunywa chai badala ya bia, na wachezaji wawili mikono yao ikatetemeka kwa mshangao. Tulivumilia.

3. Hili ndilo limeniuma. Ukialika heshima, inakuja na wenyewe. Mama Jentrix alifika na wenzake wa kanisa, akaketi kiti cha mbele, ajionee huyo kijana. Sasa, kwetu Wabukusu mkwe hampi mama mkwe mgongo, na sehemu inayofuata chini ya mgongo ndiyo haitajwi kabisa. Lakini pool ni mchezo wa kuinama, na ukiinama upande mmoja, kuna mtu nyuma yako. Khaemba alizunguka meza kama mtu aliyepoteza funguo. Kila alipotaka kuinama, alimwona Mama au, vibaya zaidi, hakumwona. Mwishowe akacheza akiwa amesimama wima, anasukuma mpira kama anayefukuza kuku jikoni. Vijana wakapiga kelele, "Inama, bana! Si uiname!" Akawajibu kwa uchungu, "Nitainamaje na Mama ako hapo?" Alishindwa na kijana wa Bungoma ambaye, kwa bahati yake, bado hajaposa popote.

4. Mama alipoondoka alisema hivi, nami nilimsikia: "Adabu anayo. Mchezo hajui. Sasa atamlisha binti yangu adabu?" Kwa hivyo Khaemba, aliyekataliwa mwanzo kwa sababu anacheza, sasa amekataliwa kwa sababu hachezi. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye tangu siku hiyo hali vizuri.

5. Basi tunaomba yafuatayo. Kwanza, mtutambue kwa barua yenye muhuri, Mama aisome. Pili, kila mashindano yawe na afisa wa kuhamisha kiti cha mama mkwe, akizunguka naye kinyume na mchezaji, ili wakwe watazamane muda wote. Tatu, kwa kuwa mashangazi nao ni wakwe, na hukaa wengi, kumbi zote zijengwe za duara na viti viwe na magurudumu. Nne, ikishindikana, meza zote za pool nchini ziinuliwe zifike kifuani, mtu asiiname tena. Wachezaji wafupi wapewe stuli. Hakuna taifa lingine lililofikiria jambo hili, na ndiyo maana tunaamini tutayashinda yote.

Nisalimie wanakamati, karani wako, mlinzi wa lango na yeyote pale ofisini mwenye mama mkwe. Yeye atanielewa bila kusoma.

Wako anayelenga bila kuinama sana,
Absalom Makokha,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, na Nasike mwenyewe ameingia hapa klabuni kutoka Lugulu, anacheka mpaka ameshika mlango. Mamake amekubali! Alilala akiwaza, akaamka akasema, "Mwanamume anayekubali kuchekwa na ukumbi mzima kuliko kunipa mgongo, huyo ataniheshimia mtoto." Sharti ni moja tu: aachane na pool, maana hata serikali yenyewe haiutambui mchezo huo. Khaemba ameacha papo hapo, chaki bado iko vidoleni. Kwa hivyo, Mheshimiwa, tafadhali sana, msitutambue. Mkitutambua sasa, mmevunja ndoa. Tukataeni kwa barua yenye muhuri mkubwa, Mama aisome kabla ya harusi, na mfanye kwa kasi ile ile mliyotukatalia mara ya kwanza.