Namba Niliyoiandika Kwenye Unga

Jumatatu, 5 Machi 2012

Leo nimerudi na chapati thelathini na moja. Juzi ziliisha saa tano, na madereva kumi na wawili wakaniangalia kama nimewaibia. Ndiyo shida ya kuuza kwenye geti la bohari la Clairwood. Malori hayana saa. Siku meli imeshusha makontena, yanajipanga mpaka kwenye taa za kona, zile wanaziita robot. Siku nyingine geti kama kanisa siku ya Jumanne.

Agathe hakosei. Huyu mama wa Bukavu, meza yake iko hatua sita kutoka yangu. Wali wake na maharage huisha na lori la mwisho. Kila siku. Wala hana haraka. Anakaa juu ya ndoo yake, anachezea kisimu chake cha tochi, ananiita Maman Cathy kwa sauti ya kunipa pole.

Sasa limekuja jambo. Baba Ngcobo, mkuu wa walinzi, ametuita sote wawili. Bohari linajenga kibanda cha chakula pale getini. Bati juu, bomba la maji, mlango. Muuzaji atakuwa mmoja, na yeye ndiye atakayemchagua, Ijumaa. Anataka mtu asiyewaacha madereva na njaa na asiyerudi na beseni limejaa. Mwingine atafute geti lake.

Cathy ana miaka miwili na kikohozi cha moshi wa malori. Siku nzima yuko chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Tangu nifike Durban sijataka kitu kama ninavyolitaka lile bati.

Jioni nimepita kwa Ildephonse, duka la simu hapa Point, chini ya jengo letu. Nimemuuliza, bila kutaja jina la mtu, mtu anawezaje kujua malori yanakuja kabla hayajaja. Akatoa chini ya kaunta skana ya kidijitali. Redio inayosikia redio za wengine. Amesema wanaoyapanga malori wote huongea kwa redio, nami nitawasikia kama nimekaa nao meza moja. Amesema kuiprogramu ni kazi ya dakika kumi.

Tumebadilishana. Yeye amechukua sabufa ya Protas, mume wangu.

Protas nimemwambia sabufa imekwenda kutengenezwa. Akauliza ilikuwa na nini. Nikasema ilikuwa inakwaruza. Akasema mbona yeye hakusikia. Nikamwambia, ndiyo maana.

Jumanne, 6 Machi

Dakika kumi za Ildephonse zilianza jana jioni na bado hazijaisha. Kitabu cha maelekezo kina kurasa mia moja na kumi, Kiingereza kitupu. Mimi niliishia kidato cha pili. Ukurasa wa kwanza unanipongeza kwa kununua. Wa pili unanionya nisiitumbukize majini. Kuanzia wa tatu ni giza.

Nilichoambulia ni hiki. Redio za kidijitali hazitulii mahali pamoja. Maongezi yanaruka kutoka masafa haya kwenda yale, na iko chaneli moja inayowaongoza wenzake. Yenyewe haiongei lolote la kusikiliza. Kazi yake ni kuwaambia wengine nani aende wapi, kutwa kucha, bila kupumzika. Nimeipa jina chaneli mama. Hiyo nimeielewa mara moja. Ukiwa na namba yake ukaiingiza, skana inawafuata wengine yenyewe. Usipokuwa nayo, unasikia mvumo tu, kama mtu anakaanga samaki nyumba ya pili.

Nimebonyeza kitufe kimoja, ikanyamaza saa nzima. Kumbe ni kitufe cha kuiambia iruke chaneli usiyoitaka. Nilikuwa nimeiambia iziruke zote.

Protas amerudi kutoka zamu, kiwanda cha mafuta ya kula kule Mobeni. Amesimama mlangoni akaongea kirefu, kitu kuhusu Alhamisi na kazi nyingi. Nilikuwa na hedfoni masikioni. Nimeitikia kwa kichwa. Mume ukimwitikia kwa kichwa anaridhika.

Jumatano, 7 Machi

Namba nimeipata.

Baba Ngcobo huja saa nne kula chapati mbili, na redio yake huiweka mezani kwangu. Leo ameilaza kifudifudi. Mgongoni ina karatasi imebandikwa, na kwenye karatasi masafa. Tarakimu saba. Kalamu sina. Simu imo ndani ya mkoba, na Cathy amelala juu ya mkoba. Nikanyoosha mkono kwenye kibao cha kusukumia ninachopangia chapati, bado kina unga wa asubuhi, nikaandika kwa kidole juu ya unga, huku namuuliza wajukuu hawajambo. Tatu za kwanza, tukafika kwenye shule za wajukuu. Zilizobaki, tukafika kwenye mguu wake unaouma. Akameza, akachukua redio yake, akasema chapati za leo ni laini.

Nilipogeuka kutafuta kalamu, Cathy alikuwa ameamka. Akaupiga unga kofi. Kofi moja tu, katikati. Tarakimu ya nne ikaondoka na kiganja chake.

Nikamkemea. Akalia. Nikambusu kiganja mpaka akanyamaza. Ndivyo nilivyoula ushahidi.

Ilikuwa tatu au nane. Nimetembea nayo mchana kutwa. Tatu, nane. Kwenye taxi, ndizo daladala za huku, nane. Kwenye ngazi, tatu. Mwisho nimeamua ni nane, kwa sababu nakumbuka ilikuwa imenona.

Tunakaa ghorofa ya saba. Nimeiweka skana dirishani, nimeingiza nane. Saa kumi na moja jioni mvumo ukakatika. Sauti ya mwanamume, safi, kama yuko humu chumbani anasubiri chai. Kiingereza, na Kizulu kidogo. Kesho. Malori arobaini. Geti namba mbili. Kuanzia saa nne. Mwenzake akamwomba arudie, akarudia. Arobaini.

Geti letu ni namba mbili.

Nimekaa chini sakafuni. Cathy amenipa kijiko chake. Ile tatu sikuijaribu. Ya nini tena?

Alhamisi, 8 Machi

Chapati mia moja na sitini. Gesi ilikatika kwenye ya tisini, nikaazima ya jirani. Kwenye taxi beseni limekaa kwenye kiti, mimi nimesimama nusu, Cathy mgongoni.

Agathe alikuja na kisufuria. Kidogo, cha kumpikia uji mtoto mmoja. Nilimwonea huruma. Nikamuuliza kama leo mwili hauko sawa. Akalitazama beseni langu. Akauliza, "Maman Cathy, iko ndoa?" Nikamwambia ataona.

Saa nne, lori moja. Saa tano, lori la pili, na dereva wake yuko kwenye mfungo wa Kwaresima. Saa sita, la tatu. Basi. Yakawa matatu. Agathe akauza sahani mbili, ya tatu akala mwenyewe, akaosha kisufuria.

Nikatoa skana mkobani, nikavaa hedfoni kusikia wamekwama wapi. Hawakuwa wamekwama. Lori la kumi na tano limeingia, la kumi na sita lisogee. Linaingia wapi? Nikachungulia barabara. Tupu. Nikasimama kwa haraka, waya ukanaswa na mguu wa meza, ukachomoka. Skana ikatangaza kwa sauti yake yote, mbele ya geti, kwamba lori la kumi na saba limejaa na linatoka sasa hivi.

Baba Ngcobo akageuka.

Mwezi uliopita lori lililobeba televisheni lilitekwa dakika kumi baada ya kutoka geti hili. Kila mtu hapa anajua kuna aliyekuwa anawapigia simu watekaji kuwaambia. Akauliza hiki ni nini. Akauliza namsikilizia nani malori. Hakupandisha sauti. Mlinzi wa pili akafunga geti, akasimama upande wa pili wa meza yangu. Nikafikiria kibali changu cha kuishi huku. Nikafikiria Cathy leo atalala na nani, na kama watajua hanywi maziwa ya baridi. Nikasema ni ya chapati. Jibu langu lote ndilo hilo. Akauliza mara ya pili, nikarudia, ni ya chapati.

Agathe akainuka kwenye ndoo yake. Akamfungua Cathy mgongoni kwangu bila kuniomba, akamfunga mgongoni kwake. Akamwambia Baba Ngcobo, kwa Kizulu kibovu kuliko changu, kwamba mtoto asimwone mama yake akiulizwa hivyo. Halafu akafunua kitambaa cha beseni. Chapati mpaka ukingoni. Akamuuliza ni mwizi gani huyu anayewapikia kwanza watu atakaowaibia.

Baba Ngcobo akaishika skana sikioni. Dakika tano. Kumi. Anasikiliza majina ya madereva, hapepesi macho. Mimi nahesabu misumari ya meza. Ishirini na miwili. Kisha akashusha pumzi. Akasema hakuna dereva wake hata mmoja humu, hii si Clairwood, hii ni Mobeni. Akasema mwizi asiyejua anasikiliza geti gani hawezi kuiba hata kuku. Geti likafunguliwa. Akanirudishia skana kwa vidole viwili. Akiiona tena hapa, ataita polisi.

Nikamchukua Cathy, nikafunika beseni, tukarudi nyumbani.

Protas amerudi hoi. Viatu hajavua, akaanza. Leo kiwandani kwao malori arobaini, geti namba mbili, madereva wanazunguka Mobeni nzima hakuna hata ndizi ya kununua. Akauliza kwa nini sikwenda. Aliniambia Jumanne, pale pale mlangoni, nami nikakubali. Halafu akaliona beseni. Akakaa.

Ijumaa, 9 Machi

Kibanda ni cha Agathe. Baba Ngcobo ametamka mbele ya madereva. Hakunitazama, na ilikuwa hisani.

Nikafunga mwavuli. Agathe akauliza naenda wapi. Nikasema kutafuta geti. Akasema, "Kibanda iko na pembe ine, na miye niko na mwili moja." Akasema chapati zake hutoka kama kandambili, hilo linajulikana mpaka Bukavu. Yeye wali, mimi chapati, Cathy akae kwenye kivuli mbali na moshi. Alikwisha kumwambia Baba Ngcobo kwamba muuzaji ni mmoja, ila mikono ya kusukuma unga ni mingine. Nikashika ufagio nikafagia kibanda ambacho hakijapigwa hata mlango.

Ndipo nikamuuliza siri yake. Akanionyesha kisimu. Madereva sitini na zaidi wana namba yake. Asubuhi, mtu akishapangiwa kupitia geti letu, anamtumia ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie". Ujumbe mmoja, sahani moja. Miwili, sahani mbili. Hampigii mtu. Anahesabu tu, anapima mchele, anawasha jiko. Miaka miwili sasa. Nikauliza, hiyo tu? Akasema, "Sasa ulizani nini, maman? Malaika?"

Sharti lake ni moja. Skana isikanyage kibandani. Nimeapa kwa jina la mama yangu, na niliapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 10 Machi

Chapati na chai. Chapati na kabichi. Jirani wa gesi nimempa thelathini, mchana huu kanirudishia kumi na tano.

Protas ameulizia sabufa. Kesho kwaya inafanyia mazoezi kwetu. Nikasema naifuata.

Nimeshuka kwa Ildephonse kurudisha skana. Hakunisumbua. Sabufa ilikuwa tayari juu ya kaunta, kaifuta vumbi. Nikasema kwanza niiwashe mara ya mwisho aone ni nzima, mimi si mtu wa kumrudishia mtu kitu kibovu. Nikaiwasha. Sauti ile ile, kama anasubiri chai. Alhamisi ijayo. Malori hamsini. Geti namba mbili.

Mkono wangu ulikuwa juu ya sabufa. Nikautoa.

Ildephonse nimemwambia nitapita wiki ijayo. Protas nimemwambia kuna kifaa kinatoka Johannesburg.

Jumatatu, 12 Machi

Siku ya kwanza kibandani. Mlango umewekwa leo asubuhi. Cathy amelala juu ya gunia la unga chini ya bati, na tangu saa tatu mpaka tunaondoka hajakohoa. Nilikuwa nikigeuza chapati namtazama, nageuza, namtazama. Agathe alipima mchele kwa ujumbe wa simu, mimi nikasukuma kwa hesabu yake. Haikubaki hata moja. Jioni ameniita dada.

Skana sikuipeleka. Niliapa, na kiapo si mchezo. Iko nyumbani, dirishani, na hedfoni zake.

Lakini nimefikiri. Niliapa isikanyage kibandani. Mobeni sikuiapia. Malori hamsini, kila dereva chapati nne, ni mia mbili. Unga nimeshauchukua, uko chini ya kitanda. Agathe nitamwambia Alhamisi Cathy ana kliniki. Safari hii geti nalijua, siku naijua, saa naijua. Hakuna kinachoweza kuharibika.

Protas amesimama mlangoni tangu nianze ukurasa huu, nami nina hedfoni masikioni. Anaongea kirefu, kitu kuhusu Alhamisi na geti. Ameonyesha kwa mikono kitu kinachofungwa, kisha ameonyesha mbali sana, upande wa bandari. Nimemwitikia kwa kichwa. Ameridhika, amekwenda kuvua viatu.

Nitamuuliza baadaye. Sasa hivi chaneli mama inapanga.