Neno la Siku kwenye Ubao wa Miwani

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo maisha yangu yamebadilika, na ni kwa sababu ya chaki.

Duka la miwani liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na steshenari ninapofanya kazi ya kutoa kopi. Kila asubuhi binti anayeuza pale hutoka na ubao mdogo, anauegemeza mlangoni, anaandika neno moja, maana yake, na mfano wa sentensi. Mteja akijaribu miwani anaambiwa asome ubao. Akisoma bila kukunja uso, ananunua. Jina lake silijui. Moyoni namwita Miwani. Jua likipiga zile lenzi za dirishani, mwanga unavuka barabara unakuja kutua juu ya mashine yangu ya kopi, unatetemeka pale kama maji, na mimi nasahau mteja ananiambia nini.

Sasa nimegundua maneno anayatoa wapi. Kuna kamusi ya mtandaoni, iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuandika. Kila siku wanatoa Neno la Siku. Yeye ananakili tu.

Yaani nikiandika mimi, anaandika yeye! Maneno yangu, mwandiko wake!

Habari mbaya nazo zipo. Dada yangu ni fundi cherehani. Alikwenda pale kutafuta miwani ya kutungia uzi, akarudi na umbea kwamba Miwani anahamishiwa tawi jingine, upande wa pili wa mji. Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho. Mtu wa kawaida angevuka barabara akamsalimia. Mimi nina akili zaidi.

Nimejiandikisha: Mfalme wa Maneno. Mchana kutwa nimeingiza vitenzi. Kulala, kuota, kutamani, kukodolea. Nikaongeza na nakutamani. Nikaongeza na usihame. Bosi kalalamika kwamba nimempa mteja kopi za upande usio na maandishi. Nikamwambia karatasi nyeupe ni mwanzo mpya. Hakucheka.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Vyote vimefutwa! Kuna mhariri mmoja anajiita Kifutio. Kaniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu ya kuudhi. Kasema, mwanangu, kitenzi huingizwa kwa shina lake, ile ku ya mbele inaachwa nje, maana tukienda kwa mtindo wako kamusi nzima itahamia herufi K. Na usihame si neno la kuingizwa peke yake, ni hama tu, limevalishwa nguo za kutokea. Kanielekeza nikasome Mwongozo wa Wahariri.

Mwanangu! Namwona kabisa: mzee wa upara, chupa ya chai pembeni, kidole kimesimama juu ya kitufe cha kufuta.

Nimeufungua huo Mwongozo. Mrefu. Ukurasa wa kwanza unataka maana iwe fupi, isipendelee upande, isimlenge mtu fulani. Nilisoma mpaka kwenye shina, nikaanza kuwaza mashina, nikajikuta nimo kwenye msitu mtulivu wa vitenzi visivyo na ku. Lala. Ota. Tamani. Vimesimama tu, havina mtendaji, havina jana wala kesho. Hakuna anayemhamisha mtu. Nikaona raha ambayo sijawahi kuiona kazini. Mteja akaniamsha kwa kutikisa funguo mbele ya pua yangu.

Mpango mpya: naachana na vitenzi. Nomino hazina ku.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimekwenda kwenye neno kipenzi. Walikuwa nalo tayari, na maana kavu kama biskuti ya mwaka jana. Nikaitoa, nikaweka yangu: mtu anayesimama mlangoni asubuhi akiwa na vumbi la chaki vidoleni, asiyejua kwamba anatazamwa. Kwenye ngeli nikajaza ki-vi, maana neno linaanza na ki, na mimi si mjinga. Mfano: Kipenzi changu kimevaa miwani.

Nyumbani dada alikuwa anapita na suruali ya mteja begani. Akasoma, akakaa juu ya mfuko wa vitambaa. Akaniuliza kama hicho nilichokipenda ni binti au ni stuli.

Kifutio akaja na hoja ileile, kwa lugha ya ofisini. Kiumbe hai hufuata a-wa hata jina lake likianza na ki, kwa hiyo ni kipenzi amevaa, si kipenzi kimevaa. Tena maana niliyoandika inamfaa mtu mmoja tu duniani, na kamusi ni ya watu wote. Akarudisha ile biskuti.

Mtu mmoja tu duniani. Angalau hilo kalielewa.

Nikafungua akaunti ya pili, Malkia wa Maneno, ili amtetee Mfalme. Malkia akaandika kwamba huyu kijana ni kipaji adimu, aachwe afanye kazi. Kabla sijamaliza kumshukuru, Kifutio akauliza imekuwaje Mfalme na Malkia wote wanaandika kwasababu kama neno moja, bila nafasi katikati. Malkia kafungiwa. Mfalme kapewa onyo. Ndoa fupi sana.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Ugunduzi mkubwa! Neno la Siku mtu yeyote anaweza kulipendekeza! Foleni imejaa, ila Jumamosi ina pengo, kwani neno lililokuwa limepangwa limetolewa kwa kukosa chanzo. Jumamosi yenyewe! Masharti: neno lipatikane kwenye maandishi ya watu wengine, lisiwe la kubuni, na mfano uwe mfupi, usiwe na jina la mtu.

Nimechagua ota. Jana nilitaka kuandika ndoto niliyoiota, nikashtuka kuona neno lenyewe lina vyumba vitatu. Mtu anaota usingizini. Mbegu inaota udongoni. Na mwenye baridi anaota moto, au anatoka nje kuota jua. Mimi kwa huyu binti nafanya yote matatu kwa pamoja, huku nimesimama tu na vyeti vya watu mkononi. Naota macho wazi. Kuna kitu kinachipua hapa kifuani. Na joto nalipata, kutoka ng'ambo ya barabara.

Vyanzo nimevipata nyumbani: kitabu cha kilimo cha shemeji, mume wa dada, na magazeti ambayo dada anakatia mitindo ya nguo. Maana zote tatu nimezitia kapu moja. Mfano: Nakuota kila asubuhi.

Kisha nikatoka nje kupoza kichwa. Mvua ndogo ilikuwa imepita. Duka la miwani lilikuwa limelala chali ndani ya dimbwi, fremu zote zimeelekea chini, naye yumo, anapangusa lenzi taratibu kwa kitambaa, kichwa chini miguu juu, na wala hamwagiki. Nikazunguka dimbwi lile nisije nikamvuruga.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kifutio kaichana ota vipande vitatu. Mwongozo unasema maneno yanayofanana umbo, ila hayana undugu wa maana, kila moja likae kwake. Akaniuliza mfano wangu ni wa ota ipi. Nikajibu, zote. Akasema mfano unaofaa kila mahali hauonyeshi kitu, nichague. Nikamwambia yapo mambo yasiyochagulika. Akanijibu kwamba kuchagua ndiyo kazi ya kamusi, mwanangu, na foleni inafungwa saa kumi.

Wakati huo dukani wazazi wa fomu za shule wamejaa mpaka kizingitini, mashine imemeza karatasi, bosi ananitazama jicho la pembeni. Nikaandika haraka: weka popote, mradi itoke Jumamosi.

Jioni ndipo nikaenda kusoma. Ota ya ndoto ilikuwa na mfano wake. Ota ya mbegu ilikuwa na mfano wake. Wangu kaupeleka kwenye ota ya moto. Na kwa kuwa mtu hawezi kuotwa kama moto, kamtoa mtu, kaweka kitu, kisha akarekebisha ngeli ifuate. Neno limepitishwa. Limefungwa. Haliguswi tena.

Mfano sasa unasomeka: Jiko hili naliota kila asubuhi.

Jiko!

Penzi langu limeingia masizi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Niliwahi kabla ya bosi. Nia yangu ilikuwa kuiba ubao. Nikachelewa: Miwani alikuwa kachuchumaa mlangoni, anaandika. Mkono wake ulikuwa unakwenda polepole kama wa mtu anayechora njia ya kurudi nyumbani. Ota, kukaa karibu na moto au juani ili kupata joto. Kisha mfano. Ile j ya jiko kaipa mkia mrefu mpaka ukingoni mwa ubao. Nikasimama katikati ya barabara, nimeganda. Baiskeli ikanipigia kengele. Nikasogea, lakini nikasogea upande wake.

Mzee mmoja aliyekuwa anajaribu fremu nyeusi akasoma kwa sauti, akacheka. Akamwambia mkewe kwamba hata yeye jiko lake analiota kila asubuhi, tangu siku alipolipata. Mkewe akamfinya.

Hapo nikazinduka. Mtu akioa si watu husema kapata jiko? Basi Kifutio, mzee wangu wa upara, kanitengenezea posa! Iko mlangoni, kwa chaki, mbele ya kadamnasi!

Miwani akaniona nimeduwaa. Akanikaribisha, akanikalisha, akanivisha ile fremu nzito ya kupimia, akanitaka nisome ubao. Nikausoma wote nikiwa nimefumba macho. Kisha sauti ikanitoka yenyewe, kama ya mtu anayeongea usingizini.

"Huo mfano nimeuandika mimi."

Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Uso ukamjaa huruma.

"Pole, kaka," akasema. "Kumbe kwenu kuna baridi hivyo?"

Kupitia zile lenzi alikuwa wawili, na wote wawili wananihurumia.

Akaendelea kunieleza kwa upole kwamba ananijua. Kila siku ananiona kule ng'ambo nimekodoa macho kwenye ubao wake, akajua huyu haoni mbali na anaona haya kuja. Kwa hiyo kabla hajahama kaniombea kipimo cha bure huko tawi jipya, Jumatano, na mpimaji ni yeye mwenyewe. Akaniuliza aandike jina gani. Nikasema Mfalme. Kaandika hivyohivyo, bila hata kushtuka.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimemsimulia dada yote akiwa anapinda pindo la gauni. Akasema mbona mambo yamejinyoosha yenyewe: Jumatano niende, nimwambie macho yangu mazima, kilichonipeleka ni yeye, basi. Shemeji naye akaunga mkono, tena alikuwa anatafuna.

Hawa ni watu wa kukata tamaa mapema. Kitu chepesi hivyo kitafanyaje kazi? Mwenye macho mazima anapimwa mara moja, anaambiwa nenda zako. Mwenye macho mabovu anapangiwa kurudi, na kurudi tena.

Kwa hiyo nahitaji macho mabovu kufikia Jumatano. Mtandaoni nimepata mwongozo wa wapima macho. Mrefu. Nimesoma ukurasa wa kwanza, unatosha. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kutoona. Nyumba nzima imekuwa laini, kingo zimeyeyuka, dirisha linaelea. Nimetia chumvi kwenye chai. Nimegonga kabati. Na sasa hivi nimelipigia shikamoo koti la shemeji lililoning'inia nyuma ya mlango.

Halikuitika. Maendeleo ni mazuri.