Injini Ndogo Ina Tabu

Jumatatu, 30 Juni. Ipogolo, Iringa

Siku mbaya. Mzee Kalinga, mwenye gereji, ametukusanya kabla ya chai na kutangaza kwamba injini kubwa inatoka. Inatoka! Ile ya silinda sita, iliyomo ndani ya gari letu la mashindano tangu sijaota ndevu. Mahali pake inaingia ndogo ya silinda nne.

Nikauliza imekosa nini. Akanijibu Vitus, maana siku hizi yeye ndiye msemaji wa kila kitu. Vitus ni fundi kijana wa Tosamaganga. Ana cheti. Ana kompyuta anayoikumbatia kama mtoto mchanga. Akasema wenzetu wote wa mashindano wameshahamia injini ndogo. Kubwa ni nzito, inakunywa mafuta kama harusi inavyokunywa soda. Halafu hii ndogo ina tabu!

Nikasema kama ina tabu, basi tuiache.

Wakacheka. Mzee alishika ukuta. Akaniambia Makoye mwanangu, usibadilike. Sikuelewa. Mtu anasifia injini kwa sababu ina tabu! Hayo ndiyo mambo ya cheti. Mimi niliishia darasa la tano.

Mwenzao sicheki. Kazi yangu hapa ni kuosha vyuma, kusukuma magari yaliyokufa na, mara moja kwa mwaka, kuwa mtu wa maji. Gari linapokwenda kwenye mashindano Mbeya nakaa nyuma na madumu yangu, kwa sababu injini kubwa huchemka. Huchemkia wapi? Igurusi. Kila mwaka Igurusi, karibu na njia ya kwetu. Watu husema ni joto la bonde la Usangu. Ni joto, sikatai. Ni mimi pia, ambaye tukisimama Makambako kuongeza maji, najaza nusu.

Ikichemka lazima ipoe. Mpaka ipoe, Mayu, mama yangu, ameshafika. Hahitaji simu. Anaapa kwamba anaisikia ile injini ikiwa bado Chimala. Anaacha mpunga wake, anafunga matobolwa kwenye kitambaa, anakuja barabarani. Tunakaa kwenye kivuli cha gari, tunatafuna viazi vyake vikavu, ananitazama kama ananunua mbuzi. Mzee Kalinga naye anakula. Hiyo ndiyo likizo yangu ya mwaka.

Injini ndogo haichemki. Vitus ameapa. Basi haihitaji mtu wa maji.

Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 1 Julai

Wameitoa. Tuliinyanyua kwa mnyororo, ikaning'inia pale ikijizungusha polepole na kudondosha oili. Mzee Kalinga alivua kofia. Alipoona tunamtazama akajifanya anajikuna.

Kisha akaanza kukumbuka. Akasema zamani mashindano yalianzia masikioni. Ukikaa kilimani ulijua nani anakuja kabla hujaona vumbi. Ya Dastan wa Mbalizi ilikuwa inakohoa. Ya marehemu Jailos ilinguruma kama dume lililofungiwa zizini. Ya kwetu ikiwashwa hapa Ipogolo vikombe vya mama wa chai vilicheza mezani, naye alivishika kwa kiganja bila kukatiza umbea wake. Sasa wote wamebadilisha. Hata Dastan. Gari lake siku hizi linapiga mluzi.

Na mimi nikakumbuka yangu. Nilipofika hapa kutoka Usangu nilisikia wakisema gari hili ni sisi elfu tatu. Nikahesabu watu gerejini. Tulikuwa sita. Muda mrefu nilidhani ni majivuno tu, kwamba tukiwa na injini ile sisi ni kama watu elfu tatu. Baadaye nikaambiwa sisi ni kipimo cha ukubwa wa injini. Sawa. Lakini maana yangu ilikuwa nzuri zaidi. Leo tumebaki sisi elfu moja na ushee.

Mnunuzi alikuja na pikapu. Anaitwa Shedrack, ana mashine ya kukoboa mpunga huko bondeni na umeme unamsumbua. Injini ya mashindano ikakoboe mpunga! Nilinuna. Sikumuuliza hata anatoka wapi. Sikumsaidia kupakia. Kisha nikamsaidia, maana alikuwa anafunga vibaya. Niliifunga kwa mpira wa tyubu, kama tunavyofunga magunia kwenye baiskeli kwetu. Haitatikisika mpaka Kiyama.

Gereji imekuwa kimya. Mama wa chai ameuliza nani amefariki.

Jumatano, 9 Julai

Injini ndogo imekaa. Ubavuni ina kidude kama konokono. Moshi unaotoka unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani kwa nguvu, basi injini ndogo inajiona kubwa. Namjua mtu wa namna hiyo.

Leo tulikuwa na jaribio la kupanda mlima wa kwenda mjini. Alfajiri nilipakia viroba vya mchanga kwenye buti nikafunika na turubai. Ishindwe mbele ya macho ya Mzee, aifuate ile kubwa airudishe. Mpango safi kabisa!

Gari lilipanda kama limeitwa na mama yake. Fyuuu! Lori la mbao lililokuwa mbele lilionekana kama limeegeshwa. Mzee alishuka anacheka peke yake. Akasema jana nyuma ilikuwa inateleza kila kona, leo imeshika barabara kama kupe, kumefanyika nini? Vitus akafungua buti. Nikaanza kusali. Akaviona viroba, akasema ndiyo, aliona gari linahitaji uzito wa nyuma.

Mbele yangu! Mchanga wangu! Mzee akampa mkono. Na mimi siwezi kusema ni wangu.

Mama wa chai hakushika kikombe hata kimoja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata kiti! Nilimwambia Mzee kwamba kwenda mashindanoni bila mtu wa maji ni mkosi. Akasema hakuna maji ya kubeba. Nikasema nitabeba ya kunywa. Akafikiri, akauliza, hivi mama yako bado anakausha yale matobolwa? Nikasema baba, anakausha kwa ajili yako. Kiti cha nyuma ni changu. Vitus amekasirika, kompyuta yake ndiyo ilikuwa ikae pale.

Halafu Mzee akanipa rangi nyeupe. Akataka niandike kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi kubwa, jina la kile kitu kipya cha kwenye injini, watu waone na sisi tumebadilika. Nikamuuliza ana hakika? Akasema ana hakika kabisa. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora. TABU. Akapita na simu sikioni, bila miwani, akaniinulia dole gumba. Wazee wana mambo.

Sasa mpango wa pili. Kutoka kwenye konokono kuna mpira mnene unaopitisha hewa, umebanwa na klipu ya chuma. Kompyuta haioni klipu. Nikailegeza kidogo, iachie tukifika Igurusi. Nikaenda zangu. Nikarudi, nikailegeza tena kidogo, kwa usalama.

Jumamosi, 12 Julai. Njiani

Nyololo! Imeachia Nyololo!

Paa! Moshi mweusi, gari likaishiwa nguvu kama mgonjwa. Nyololo sina hata shemeji. Kuna ukungu tu, na baridi ya Mufindi inayouma mpaka kwenye fizi. Mzee akasema injini kubwa haikuwahi kumfanyia hivi. Nilifurahi kidogo. Vitus akafungua kompyuta, ikamjulisha kwamba kuna hitilafu. Tulikuwa tunajua.

Klipu ilikuwa imedondoka barabarani. Tulirudi kwa miguu tukiitafuta nyasini, malori yakitupeperusha. Mimi nilitafuta kuliko wote, ili isipatikane. Haikupatikana. Mama mmoja muuza viazi, wanamwita Severina, alisoma kioo chetu cha nyuma akasema afadhali ninyi mnaosema ukweli, wengine wanaandika Mungu Yupo na gari ni bovu vile vile. Mzee alidhani anatupa pole. Akamshukuru.

Vitus akafunga kwa waya, ukateleza. Akafunga kwa kamba, ikayeyuka. Mchana ukatuishia pale pale. Mzee akapaza sauti, hivi hapa hakuna hata mmoja mwenye akili? Hapo ndipo nilipojisahau. Nikaenda kwa fundi baiskeli nikaomba tyubu kuukuu, nikaikata mkanda mrefu, nikafunga ule mpira kama gunia la mpunga, nikavuta kwa meno. Mzee alinikumbatia mbele ya Vitus. Utamu ule! Tulikuwa tumeshaipita Makambako ndipo nikakumbuka nilichokifunga.

Igurusi tulifika jua linaelekea kuzama. Nikaomba tusimame. Mzee akasema tumechelewa ukaguzi wa magari. Nikaomba basi apige honi. Honi ya zamani Vitus aliitoa kwa sababu ni nzito. Mpya ikasema pii, kama bajaji.

Mayu alikuwepo, siku ya mashindano anaijua. Pale pale, na kitambaa chake mkononi. Aliinamisha kichwa, sikio limeelekea Chimala. Nilipunga mikono yote miwili. Alitutazama. Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani, akingoja gari linalokuja.

Nilitazama nyuma mpaka Uyole. Vitus alinipa biskuti. Sikuwa nimemwomba.

Jumapili, 13 Julai. Mbeya

Wa pili! Tumekuwa wa pili, nyuma ya Dastan tu! Watu wa Mbeya walisoma kioo chetu wakaanza kuimba. Tabu! Tabu! Tabu hiyooo! Kila kona. Nilifikiri wanatuonea huruma.

Baada ya mbio Dastan alikuja, akamvuta Mzee pembeni, akamuuliza kwa upole kama kuna matatizo nyumbani. Mzee akatoa miwani. Akasoma kioo. Akaifuta miwani, akasoma tena. Vitus alijilaza chini kwa kicheko. Ndipo nikaelezwa, mbele za watu, kwamba kile kidude cha konokono kinaitwa tabo. Tabo! Herufi moja tu! Kama Vitus angenitajia vizuri tangu mwanzo ningeandika vizuri. Mzee alitaka kuyafuta maandishi, watu wakamkatalia. Sasa gari linaitwa Tabu na mkoa mzima.

Yunisi, dada yangu, akapiga simu. Mayu anauliza mbona hatujapita. Nikasema tumepita jana jioni. Akasema haiwezekani, hawakusikia kitu. Kilipita kigari kimoja tu kinapiga mluzi, kimeandikwa Tabu nyuma. Mayu aliposomewa akasema masikini, mtu ana shida mpaka anazitangaza barabarani. Akamwombea.

Kurudi nimepangiwa lori la matairi. Adhabu ya herufi moja. Dereva wake hasimami popote.

Jumamosi, 19 Julai. Ipogolo

Yunisi tena. Anasema nije nimsaidie, Mayu hakai nyumbani. Kila asubuhi akisikia injini anafunga matobolwa anakimbilia barabarani. Nikauliza injini gani. Akasema ya mashine mpya ya Shedrack, ng'ambo ya lami.

Injini yetu! Igurusi! Inanguruma kutwa nzima, na Mayu anatoka kutwa nzima. Yunisi anamwambia ile ni mashine, inakoboa mpunga. Mayu anajibu kwamba anaijua sauti ya gari la mwanawe, na kama gari halifiki basi limekwama, na kama limekwama mwanawe ana njaa. Ikizimwa anarudi. Ikiwashwa anatoka tena.

Nilikwenda kuosha vyuma ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Mchana Shedrack akampigia Mzee. Injini inachemka hovyo. Anatafuta mtu anayeijua, akae huko huko aihudumie maji. Mzee akaniita ofisini, akafunga mlango. Akasema Makoye mwanangu, imekuja kazi yenye jina lako. Utakuwa unalala kwa mama yako.

Nimekataa!

Mimi si mjinga. Nirudi kwa basi na mfuko wa nguo, niwe mtu wa mashine ya kukoboa, wakati Mayu amezoea kuniona nikishuka kwenye gari la mashindano? Halafu mtego niliuona mapema. Ni Vitus huyo, anataka kiti cha nyuma. Nikamwambia Mzee ampeleke mwenye cheti. Mzee akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akaniinulia dole gumba, lakini safari hii hakutabasamu.

Jumatano, 23 Julai

Vitus amepiga simu kutoka Igurusi. Injini ameituliza. Hata kompyuta hajaifungua, anasema ile haina pa kuchomeka waya, mtu unaisikiliza tu. Kumbe nzuri, anasema. Nilimwambia tangu mwanzo!

Anasema kuna mama mmoja alifika mashineni na kitambaa. Akazunguka injini, akaigusa, akacheka. Kisha akamwona yeye, ana oili mpaka kwenye viwiko, akamketisha kivulini na kumlisha viazi vikavu vitamu ajabu. Sasa anakuja kila siku. Anamwita mwanangu.

Mwache ale. Hajui amepoteza nini. Kiti cha mbele sasa kiko wazi, na nimeshapata klipu mpya. Kosa la Nyololo nimeligundua: nililegeza mara mbili. Mwakani nalegeza mara moja tu.