Benchi Lisilo na Namba

Chuo kilitangaza, kwa kipaza sauti na barua yenye mihuri mitatu, kuundwa kwa Kamati ya Utafiti wa Mazingira Bora ya Kujifunzia. Tangu siku hiyo, kusoma ovyo ovyo kulikoma rasmi.

Mfagiaji wa jengo la madarasa alifurahi kama wengine. Kamati ilijenga ukumbi wenye viti vya kuzunguka, ikaupiga kufuli usichafuke kabla ya utafiti kukamilika. Kila asubuhi mtafiti alichungulia dirishani, akahesabu wanafunzi waliomo, akaandika: sifuri.

Wanafunzi walikuwa chini ya ngazi, wamebanana na madaftari yao kwenye benchi refu lililotengenezwa na marehemu mume wa mfagiaji, fundi seremala wa chuo.

"Benchi hili halina namba," alisema Mwenyekiti wa Kamati. "Kitaalamu, halipo. Kesho mgeni rasmi anakuja kuzindua ukumbi. Liondolewe."

"Kama halipo, baba, wataondoa nini?" aliuliza mfagiaji.

"Mama, usilete siasa kwenye samani."

Kesho yake mfagiaji alilifuta polepole, kama anayemuosha mtoto uso kabla ya safari. Mgeni rasmi akafika. Ufunguo ulikuwa salama kabisa: Mwenyekiti alikuwa ameufungia ndani ya ukumbi. Akaagizwa fundi wa chuo aje kukata kufuli. Fundi alikuwa ameshafariki, na nafasi yake Kamati ilikuwa bado inaitafiti.

Mgeni rasmi, mama mtu mzima mwenye viatu vya kubana, akajiketia kwenye benchi, lililokuwa bado linasubiri kuondolewa.

"Ah! Miguu inafika chini, mgongo umetulia. Mlipimaje?"

Mwenyekiti akakohoa kitaalamu.

"Wanangu, hebu lipindueni," mfagiaji akawaambia wanafunzi, mgeni alipoinuka.

Chini ya ubao kulikuwa na maandishi ya penseli: vipimo vya magoti ya wanafunzi kumi na mmoja, wafupi kwa warefu. Mwishoni: *Piga msasa tena. Mtoto akichanika suruali, atawaza suruali.*

Mfagiaji hakuwa na haja ya kusoma. Aliujua mwandiko.

"Huu ndio utafiti," alisema mgeni. "Na nyinyi wa Kamati mlipata nini?"

"Sifuri, mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Benchi likapewa namba moja. Kufuli likavunjwa, viti vya kuzunguka wakapewa wanafunzi waliokosa nafasi kwenye benchi. Na kwa agizo la mheshimiwa, Kamati sasa hukutana chini ya ngazi, ijifunze.

"Inueni miguu, wataalamu," mfagiaji huwaambia kila Ijumaa. "Nafagia."