Kiti cha Mwenye Pampu

Jambo la kwanza Aune alilogundua asubuhi ile ni kwamba hakupiga chafya. Urpo alikuwa amekaa ubavuni pake kama kawaida, na Urpo akikaa hapo, lazima pua ya Aune iwashe. Leo wapi.

Aliinamia kikombe chake. Kwenye meza ile ya kahawa, ndani ya mgahawa wa kituo cha mafuta cha njiapanda, walimwita Kimya.

"Sikieni hii!" Sulo, jina la utani Redio, alilipiga gazeti kofi. "Nusu ya nyumba za wilaya zimeng'oa tanuri za mafuta za kupashia nyumba joto. Sasa zinavuta joto ardhini kwa pampu."

"Nusu ya wilaya ni majuha," Urpo akadakia. "Baridi hii ya kupasua miti, mtu unaenda kuomba joto kwa mawe?"

Reijo aliacha kutafuna mkate wake wa iliki.

"Hata mimi nimeweka. Wametoboa shimo, wakashusha bomba, basi. Nyumba moto tele."

"Toba! Mwanamume mzima unapashwa moto na friji!"

"Pampu ni kama friji, ila inafanya kazi kinyume."

"Kinyume kama akili zako! Na shimo liko mpakani kwangu. Viazi vyangu visipoota, ujue wewe ndiye uliyevinyonya joto!"

Redio alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Sasa sikiliza," Urpo akasema, kidole juu. "Meza hii ni ya wenye tanuri. Wenye friji wakakae kule kwenye friza ya aiskrimu. Inuka."

"Urpo, acha utani. Tangu mke wangu afariki, hapa ndipo ninapoongea na watu."

"Ongea na pampu. Si inanguruma?"

Redio akajifanya anasoma gazeti. Reijo akachukua kofia yake, akaigeuzageuza, akasimama.

"Mjomba Urpo."

Redio aligeuka kutazama mlangoni, akidhani kuna mgeni ameingia. Aliyesema alikuwa Aune, uso mwekundu, macho kwenye kikombe.

"Majuzi wenzako hawa walipokwenda msituni kuwinda, wewe ulibaki nyumbani."

"Mgongo uliniuma! Kila mtu anajua!"

"Siku zile niliona mashine inatoboa uani kwako. Nilidhani unachimba kisima."

"Ndiyo, kisima!"

"Basi kaa, mjomba Reijo," Aune akasema. "Na wewe mjomba Urpo, leo sijapiga chafya: koti lako halinuki mafuta ya tanuri tena."