Goti Lililogoma Nyuzi Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Kabla sijakata kauli, acha niungame: goti langu linakunjika. Linakunjika vizuri mno! Moyo umechoka, sitaki kuzikwa na siri hii.

Pia ya goti ilivunjika, ikaungwa kwa waya, na binti yangu akahamia kwangu kuniuguza. Alisema goti likifika pembe mraba atarudi kwake. Kosa lake! Nimefundisha hisabati maisha yangu yote. Pembe mraba naijua, na kuikwepa pia.

Mtaalamu wa mazoezi alikuja na rula yake ya mikono miwili, ya kupimia pembe ya goti. Akanisihi nivute kisigino kuelekea makalio. Nikavuta hadi nyuzi sitini. Nikaguna. Chai ikaletwa kitandani.

Jumatano, 5 Machi

Nyuzi sitini. Binti akanikanda kwa barafu, akanisomea gazeti. Alipokwenda sokoni nilichuchumaa, kisha nikapiga magoti kutafuta miwani chini ya kitanda. Nikainuka kama kijana. Nikajipongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mtaalamu amesema goti lisipolegea nitarudishwa hospitali, nipigwe nusu kaputi, walikunje kwa nguvu. Kwa moyo huu! Nikasema leo nalihisi limelegea kidogo.

Hakucheka. "Mzee wangu, goti bovu hupanda na kushuka. Lako sitini kamili kila nikija. Kwani ulikuwa unafundisha nini?"

Nikasema historia.

"Hisabati," akasema binti yangu, mlangoni, na sinia mkononi.

Nikakunja. Nyuzi mia na ishirini! Aibu ilinishika, lakini ile mia na ishirini ilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amefunga mizigo. Kumbe alijua kitambo: siku ya miwani alinikuta na vumbi magotini. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Hata mimi sikuwa na haraka, Baba."

Nikajifanya natafuta leso. Ameahidi kuja kila Jumamosi, niwe mzima au mgonjwa. Nimeapa sitaigiza tena.

Jumanne, 11 Machi

Jumamosi iko mbali mno. Chai niliyojipikia haina ladha. Nimempigia simu binti, nikamwambia bega la kushoto limekaza. Anakuja jioni, na mtaalamu atapitia kesho.

Safari hii nimejipanga. Kesho nyuzi arobaini, akirudi arobaini na tatu, kisha thelathini na nane. Lipande na kushuka.

Bega haliumi.